Mbona Iliingia Vizuri?

Kaka alikuwa ameibeba mashine kwenye begi la mkononi kutoka Texas mpaka Dar es Salaam, kwa sababu hakutaka wapakiaji wa uwanja wa ndege waitupetupe. Ilikuwa nebulaiza mpya, mashine ya kugeuza dawa kuwa mvuke wa kuvuta, nyeupe, bado imo kwenye nailoni yake. Ilikuwa ya mama mkubwa, ambaye ana pumu tangu ujana na kila msimu wa mvua hulala ameketi, mito mitatu mgongoni.

Sebule nzima tulikuwa tumemzunguka. Kaka akatoa adapta aliyoinunua Kariakoo asubuhi ile. Plagi ya mashine, ile ya Kimarekani yenye pini mbili bapa, ikaingia kwenye adapta bila kulazimishwa. Adapta nayo ikaingia ukutani. Akawasha swichi ya soketi.

Mashine ikanguruma kwa sauti nene ambayo sijapata kuisikia kwenye nebulaiza za hospitali. Mvuke ukatoka mwingi. Mama mkubwa akatabasamu, akanyoosha mkono kuchukua barakoa.

Kisha harufu.

Aliyewahi kukaa karibu na fundi wa kusuka mota anaijua harufu hiyo: vanishi ya waya inaungua. Kabla sijaifikia swichi, mngurumo ukapungua, ukakatika wenyewe. Mashine haikuwaka tena. Ilifanya kazi muda usiotosha hata kumaliza dozi moja.

Mama mkubwa hakulalamika. Aliitazama plagi mkononi mwa kaka, akauliza swali moja tu:

"Mbona iliingia vizuri?"

Hakuna aliyemjibu. Kaka alisema "pole, mama," basi. Mimi nilirudi nyumbani na lile swali, na wiki kadhaa sasa limekataa kuniachia. Ni swali la haki kabisa. Mtu akipewa kitu kilichotengenezwa ili viwili viungane, na viwili vikaungana bila shida, ana kila sababu ya kuamini kwamba vinakubaliana.

Namba mbili

Kesho yake niliigeuza mashine chini juu. Kibandiko kilikuwa wazi, herufi ndogo lakini zinasomeka: 120V, 60Hz. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde.

Nikaichukua adapta. Nayo ilikuwa na maandishi yake, yamechongwa kwenye plastiki: 10A, 110–250V.

Hapo nikaelewa kilichotokea dukani. Kaka alinisimulia kwamba aliuliza kabisa. Alimwambia muuzaji ana kifaa cha Marekani, muuzaji akamwonyesha kidole pale penye 110–250V, akamwambia hiyo inashika dunia nzima. Kaka si mjinga. Aliona 110 upande mmoja na 250 upande wa pili, akaona Marekani imo na Tanzania imo, akalipa.

Zile namba zimeandikwa kwa namna moja lakini zinasema mambo mawili tofauti. Namba ya kwenye adapta inaeleza adapta yenyewe inaweza kuvumilia nini. Namba ya kwenye mashine inaeleza mashine inataka nini.

Ukiipasua adapta ya kawaida (nimeipasua ile ile, kwa bisibisi) unakuta vipande vya shaba iliyopauka vimekunjwa, vimekaa kwenye plastiki. Hakuna koili, yaani waya uliosukwa mizunguko. Hakuna saketi. Umeme unaoingia kwa nyuma ndio unaotoka kwa mbele, bila kupungua hata volti moja.

Adapta haigusi volti.

Nilitaka kumkasirikia muuzaji. Nilijaribu. Lakini kila nilipoipanga kesi yake kichwani, iligoma kusimama. Alichosema ni kweli: adapta yake inashika dunia nzima. Haikuungua, na mpaka leo ni nzima, ukiacha kwamba nimeipasua. Kilichokosekana ni mtu mmoja, kati ya Texas na sebule ya mama mkubwa, wa kuuliza swali la pili: mashine yenyewe inataka volti ngapi?

Simu ilivyotuzoesha

Nilijiuliza kwa nini swali la pili halikuulizwa na yeyote kati yetu, na sebuleni tulikuwa wengi, wengine tumesoma.

Nadhani ni simu.

Angalia chaja yako sasa hivi, pale penye maandishi ya kijivu yasiyoonekana vizuri. Utakuta imeandikwa INPUT 100–240V, 50/60Hz. Chaja ya aina hiyo inaupokea umeme wowote wa nyumbani uliopo duniani, inaugeuza kuwa mkondo mnyoofu, kisha inaukatakata makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde na kutoa kiasi kile kile ambacho betri inakitaka. Ukiipa 100 ya Japani au 240 ya Nairobi, kinachofika kwenye simu ni kile kile. Kompyuta mpakato nazo ni hivyo hivyo. Chaja za kamera vilevile.

Kwa hiyo kwa miaka yote ambayo wengi wetu tumesafiri, vitu tulivyosafiri navyo vilikuwa simu na kompyuta, na kwa vitu hivyo adapta ilitosha kila mara. Tukajifunza kwamba adapta inatosha. Somo likaingia vizuri, kwa sababu halikuwahi kutuumiza.

Wazazi wetu hawakulelewa hivyo. Redio na kaseti za zamani zilikuwa na kitufe nyuma cha kuchagua 110 au 220, na kabla ya kuchomeka ulikuwa unapindua redio kwanza uangalie. Kompyuta za mezani za mitumba zilikuwa na swichi nyekundu mgongoni, 115 au 230. Aliyeiacha kwenye 115 akachomeka kwetu alisikia mlio mmoja, na ikawa imekwisha. Kitufe kile kilikulazimisha kujua kwamba kuna kitu cha kujua.

Chaja za kisasa zimekiondoa kitufe kwa kuwa zimekuwa hodari. Ila pasi, blenda, mashine ya kunyolea, jagi la kuchemshia maji na nebulaiza ya mama mkubwa hazikuwa hodari pamoja nazo.

Plagi ilikuwa inatulinda

Nilipoanza kusoma kuhusu haya, nilidhani tofauti za plagi ni ukaidi tu wa nchi. Sehemu ni hivyo. Umeme ulienea mji kwa mji, kampuni kwa kampuni, kabla ya watu kukaa meza moja. Mwaka 1882 Thomas Edison alifungua kituo chake cha Pearl Street, New York, kikitoa volti 110, na nyumba za Amerika Kaskazini mpaka leo zinaishi jirani na namba hiyo. Ulaya ilipanda kwenda 220 kwa sababu volti ikiwa kubwa, kazi ile ile inahitaji mkondo mdogo, na mkondo mdogo unataka waya mwembamba. Shaba ni ghali.

Japani ina kisa kinachonishangaza kila nikikikumbuka: Tokyo ilinunua mitambo ya Kijerumani mwaka 1895, Osaka ikanunua ya Kimarekani mwaka uliofuata, na mpaka leo mashariki ya nchi ni hezi 50 na magharibi ni 60. Nchi moja.

Plagi yetu ya pini tatu bapa ilitoka Uingereza. Kiwango chake, BS 1363, kilitolewa mwaka 1947, wakati nchi ile inajenga upya nyumba zilizobomolewa na vita huku shaba ikiwa haba. Waliamua waya mmoja uzunguke nyumba nzima kulisha soketi zote, ukilindwa kwa ampea 30, badala ya kila soketi kuwa na waya wake. Lakini waya mwembamba wa taa ya mezani hauwezi kulindwa na fyuzi ya 30. Utaungua fyuzi ikiwa imetulia. Ndiyo maana wakaweka fyuzi ndani ya plagi yenyewe. Na ndiyo maana pini ya juu ni ndefu kuliko zile mbili: inaingia kwanza, inasukuma vifuniko vya plastiki vilivyoziba matundu ya chini, kisha ndipo wenzake wanapita.

Kumbe kile kitu kizito tunachokilalamikia kwamba kinajaza begi kina fyuzi, ethi (njia ya kupeleka ardhini umeme uliovuja) na mlango ndani yake.

Na umbo lenyewe ni ulinzi. Pini bapa za Kimarekani haziingii kwenye soketi ya Kariakoo, na kwa kutoingia kwake zinasema: hapa si kwangu. Umbo la plagi ni mlinzi wa getini. Adapta ni kibali cha kumpita bila kuulizwa unaenda kwa nani.

Mama mkubwa alikuwa ameuliza jambo hilo hilo, nami nilihitaji wiki kadhaa kulifikia. Iliingia vizuri kwa sababu tulinunua kitu ambacho kazi yake pekee ni kufanya vitu viingie vizuri.

Mara mbili inakuwa mara nne

Kuna hesabu moja ambayo ningetamani ibandikwe kwenye kila duka la adapta.

Volti ikiongezeka mara mbili kwenye kitu kinachotoa joto, nguvu haiongezeki mara mbili. Inaongezeka mara nne. Mkondo unapanda mara mbili, na kila sehemu ya mkondo huo inasukumwa kwa volti iliyo mara mbili.

Chukua pasi ya Marekani ya wati 1,200. Kwa volti 120 inavuta ampea 10. Ichomeke kwenye 240: ampea 20, wati 4,800. Hiyo haiwi pasi yenye moto mzuri. Kitu kinachosimamia joto ndani yake hakikutengenezwa kukata mkondo wa namna hiyo, na waya wake haukupimwa kwa mkondo huo. Usitegemee fyuzi ya 13 iliyo kwenye adapta ikuokoe papo hapo, kwa sababu fyuzi ya 13 haikatiki mara tu ampea zikifika 14. Inaweza kubeba zaidi ya kiwango chake kwa muda mrefu kabla ya kukubali kufa. Na adapta nyingi za bei rahisi hazina fyuzi kabisa.

Mota ni mbaya zaidi ya pasi, kwa namna nyingine. Chuma kilicho katikati ya koili kina kikomo cha sumaku kinachoweza kubeba. Ukikipa volti mara mbili kinajaa, na kikishajaa koili inapoteza uwezo wa kuuzuia mkondo, ambao unapanda kuliko hata ile mara mbili. Waya mwembamba unapata moto, vanishi inayotenganisha mzunguko na mzunguko inayeyuka, inakuwa shoti ndani kwa ndani.

Niliipeleka mashine kwa fundi mmoja wa mtaani Gerezani, Dar. Akaifungua mbele yangu. Koili ilikuwa na upande mmoja wenye rangi yake ya shaba inayong'aa na upande mwingine kahawia iliyoiva, na pale rangi zilipokutana uzi wa kufungia ulikuwa umekatika. Fundi akapitisha ukucha, vanishi ikadondoka unga mezani.

"Hii imekula fezi mbili," akasema. Kwa maana ya kitaalamu si kweli, fezi mbili hazikuwepo, lakini nilimwelewa.

Hezi, na kinyozi wa Sinza

Fundi aliniambia anaweza kuisuka upya kwa 240. Mafundi wetu wanaweza: wanahesabu mizunguko, wanaiongeza kwa waya mwembamba zaidi, na kitu cha Marekani kinakuwa cha hapa. Nilifurahi. Halafu akaniuliza, "Imeandikwa hezi ngapi?"

Nilimwambia 60. Akatikisa kichwa.

Mota ya aina ile inakimbia kwa kufuata hezi za umeme. Iliyopangwa kwa 60, ukiipa 50, inakwenda kwa sehemu tano kati ya sita za mwendo wake hata volti ikiwa sahihi kabisa. Kwa feni, ni feni ya taratibu. Kwa saa ya ukutani ya zamani inayohesabu hezi, ni dakika 10 zinazopotea kila saa. Kwa nebulaiza ni hewa pungufu inayosukumwa kwenye dawa, na hapo mimi na fundi sote tulinyamaza, maana hiyo ni tiba ya mtu. Hakuisuka. Mama mkubwa alinunuliwa nyingine, ya 220–240V, hezi 50, kwenye duka la vifaa vya hospitali hapa hapa Dar.

Habari ya hezi ilinikumbusha kinyozi wangu wa Sinza. Aliletewa na mteja mashine za kunyolea za Marekani, zile nzito za waya ambazo vinyozi wote wanazitamani. Yeye alikuwa mwangalifu. Akanunua transfoma ya kushusha 240 kuwa 120 kabla ya kuzigusa. Akawasha. Mashine zikapiga kelele za chuma kugonga chuma, na baada ya vichwa viwili zikawa za moto kiasi cha kutoshikika. Akaamini ameletewa feki.

Hazikuwa feki. Mashine za aina hiyo hazina mota inayozunguka. Kuna sumaku inayovuta mkono wa chuma na springi inayourudisha, mara mbili kwa kila mzunguko wa umeme: mara 120 kwa sekunde Marekani, mara 100 kwa sekunde kwetu. Springi imetuniwa kwa 120. Ile skrubu ndogo ya ubavuni, ambayo wengi wanadhani ni ya kufungulia, ni ya kuutuni mkono huo. Akiizungusha kelele inapungua, lakini nguvu ya kule kwao hairudi yote. Transfoma inabadili volti. Haibadili hezi.

Sasa anatumia za betri, zenye chaja ya 100–240. Zile nzito ziko kabatini, na anaongea juu yake kwa huzuni ya kweli.

Kalamu kwenye tundu la juu

Kuna jambo tunalifanya Afrika Mashariki nzima, kuanzia hosteli za vyuo mpaka kumbi za harusi. Una chaja ya pini mbili za duara, soketi ni ya pini tatu, adapta huna. Unachukua kalamu, unasukuma ncha kwenye tundu la juu, vile vifuniko vya ndani vinafunguka, unachomeka pini mbili chini, unachomoa kalamu. Inawaka. Mtoto wa darasa la tano anajua.

Nimejiuliza mara nyingi kama kulikemea hili ni kutia chumvi. Chaja ya simu inavuta mkondo mdogo mno, sehemu ndogo ya ampea moja. Na volti hapo ni sahihi, maana chaja za pini za duara nyingi ni za nchi zenye 220 au 230, au zinashika zote. Nimekaa na swali hilo upande wa kutetea, kwa nia njema.

Nimebadilika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni pini zenyewe. Zile za duara zina upana wa milimita 4 na nafasi yao ni ndogo kuliko nafasi ya matundu yetu, kwa hiyo zinashikwa kwa ncha na kwa ubavu. Kwa chaja si kitu. Lakini soketi haijui kwamba ni chaja. Kesho mtu yule yule anachomeka hita ya pini mbili kwa kalamu ile ile, na mshiko hafifu chini ya mkondo mkubwa unatoa joto pale pale penye plastiki. Ndizo zile soketi zenye madoa ya kahawia tunazoziona nyumba za kupanga. Tena hapo hakuna fyuzi ya plagi. Iliyobaki ni ya saketi nzima, ampea 30 au 32.

Ya pili ni vile vifuniko. Springi yake ni ndogo. Ikishatanuliwa na kalamu kila siku inachoka, na matundu yanabaki wazi kwa kidole cha mtoto anayetambaa.

Ipo na hatari ya tatu, ambayo kalamu inashirikiana nayo na adapta nyingi za bei rahisi: ethi kupotea. Plagi ya Kijerumani, ile nene ya duara, inapokea ethi kwa vibamba vilivyo ubavuni. Adapta nyingi zinazouzwa mitaani zinaipokea pini zake mbili na kuviacha vibamba vinaelea. Mashine ya kufulia, jiko dogo la kuokea, rice cooker ya bati: vinafanya kazi kama kawaida, ila bodi yake ya chuma haina pa kutupa umeme siku waya wa ndani ukichubuka. Siku hiyo njia inakuwa mkono wako. Geuza kifaa utafute alama ya mraba ndani ya mraba. Ikiwepo, kimetengenezwa kukaa bila ethi. Isipokuwepo na plagi yake ina ethi, usikubali adapta inayoiacha njiani.

Kuvuka mpaka

Kilichonifungua macho zaidi ni kugundua kwamba umbo na namba hazisafiri pamoja.

Ukitoka Uganda kuingia Rwanda, au ukitoka Kigoma kwenda Burundi au Kongo, plagi inabadilika: pini tatu bapa zinageuka pini za duara. Lakini volti ni 220, 230, 240, hezi 50 kote. Hapo adapta inasema kweli yote. Mfanyabiashara anayebeba pasi yake kutoka Kampala mpaka Bujumbura anahitaji kipande cha plastiki tu, mradi kina ethi na kinabeba ampea za pasi.

Muscat ni rahisi zaidi. Oman ina soketi zetu zile zile, 240, hezi 50. Ndugu wa Unguja na Pemba wanapeleka na kurudisha blenda bila kufikiri, na wako sahihi.

Saudia inataka umakini kidogo kwa mahujaji. Soketi ni za pini tatu bapa. Kwa miaka mingi nyumba zao zilikuwa na 127 pamoja na 220, sasa wamehamia 230, lakini hezi ni 60. Chaja na jagi la maji havijali. Mashine ya mota iliyopangwa kwa hezi 50 itakwenda kasi kuliko ilivyokusudiwa.

Na ipo Brazili, ambayo natamani kila anayeamini umbo la plagi aisikie. Mwaka 1986 ilitolewa plagi iliyokusudiwa kuwa ya dunia nzima. Brazili ni miongoni mwa nchi chache zilizoichukua. Lakini São Paulo ni volti 127 na Brasília ni 220, soketi ile ile. Huko huhitaji hata adapta ili uunguze kitu.

Upande wa kinyume nao una machungu yake, ingawa hauunguzi. Wanafunzi wetu wanabeba jagi la umeme kwenda Marekani, wananunua adapta, wanachomeka, na maji hayachemki. Jagi la wati 2,000 kwenye nusu ya volti linatoa robo ya nguvu, wati 500. Lita moja na nusu iliyokuwa inachemka kwa dakika nne hivi inachukua zaidi ya robo saa. Wengi wanalitupa wakidhani limeharibika njiani. Ni zima.

Picha ya kibandiko

Kwenye kundi letu la familia sasa kuna desturi. Aliye nje akitaka kununua kitu cha umeme cha kuleta, anapiga picha ya kibandiko cha chini au cha nyuma, si picha ya boksi, anaituma kabla ya kulipa. Tunatafuta neno INPUT. Ikiandikwa 100–240V, 50/60Hz, alete, adapta itatosha. Ikiandikwa 120V peke yake, tunauliza kitu hicho kinafanya nini.

Kikiwa cha joto, kiachwe huko. Transfoma ya kubeba pasi ya wati 1,200 inabidi iwe ya zaidi ya 1,200, ni pande la chuma na shaba lenye uzito wa kilo kadhaa, na kwa bei yake unapata pasi mpya hapa na chenji. Kikiwa na mota, tunatazama na hezi, kisha mara nyingi nacho kiachwe. Kikiwa kidogo, cha lazima na hakina mfano hapa, ndipo tunazungumza habari ya transfoma, na tunachukua yenye wati mara mbili au tatu ya kifaa kwa sababu mota ikianza inavuta zaidi.

Vile vigeuzi vyepesi vinavyouzwa viwanja vya ndege, vimeandikwa wati 1,600 na vinaingia mfukoni, ni vya vitu vya joto peke yake. Vinafanya kazi kwa kuukatakata umeme, na kifaa chenye saketi ndani kinaweza kufa navyo kama ambavyo kingekufa bila kigeuzi.

Kwa vifaa vya tiba tumekubaliana zaidi ya hapo. Nebulaiza, mashine ya kusaidia kupumua usingizini, ya oksijeni: aliye huku anauliza kwanza duka la vifaa vya hospitali, na aliye huko anatuma fedha badala ya boksi. Kikiletwa, kiwe chenye chaja ya nje iliyoandikwa 100–240, au cha betri.

Wiki iliyopita nilirudi Kariakoo kwenye lile duka. Sikwenda kugombana. Nilinunua adapta yenye fyuzi na ethi, kisha nikamwomba muuzaji jambo moja: mteja akimwambia kifaa chake ni cha Marekani, amuulize ni kifaa gani. Akaniuliza akishajibiwa "pasi" afanye nini. Nikamwambia amuuzie pasi. Duka la jirani, akasema, ndilo linalouza pasi, ni la shemeji yake.

Akachukua kalamu, akaandika kwenye kipande cha boksi, akakibandika kwa selotepu juu ya meza ya adapta: SIMU NA LAPTOP SAWA. PASI, BLENDA NA MASHINE ZA HOSPITALI ULIZA KWANZA.